Ugonjwa bado upo, shule zifunguliwe? Tunajibu maswali yenu

Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma mjini, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, na karibu zote zinagusa jambo moja. Marburg ilipotangazwa tena Kagera Januari 2025, na Mpox ilipothibitishwa nchini Machi mwaka huohuo, wazazi na walimu wengi waliikumbuka Machi 2020, shule zilipofungwa kwa UVIKO-19, wakaanza kuuliza mapema: likitokea janga jingine kubwa, watoto warudi darasani lini, na shule iwe na nini mkononi? Wataalamu wetu wa afya ya jamii na wa elimu ya msingi wamejibu.

Shikamooni. Mimi sielewi kwa nini watoto warudishwe shule wakati ugonjwa haujaisha. Si bora wakae nyumbani mpaka uishe kabisa? – Mama wa watoto watatu, Nkuhungu

Marahaba, mama. Hofu yako ina msingi na hatuibezi. Tatizo ni hilo neno "kabisa". Shirika la Afya Duniani liliitangaza UVIKO-19 kuwa dharura ya kimataifa Januari 30, 2020, likaliondoa tangazo hilo Mei 5, 2023. Mtoto aliyekuwa darasa la awali siku linatangazwa alitakiwa awe darasa la tatu siku linaondolewa. Angekaa nyumbani muda wote huo, nani angemfundisha kusoma?

Nchi zetu hizi zimejaribu njia tofauti. Hapa Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020 na kesho yake shule zikafungwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Kenya ilianza na madarasa matatu tu Oktoba 2020, waliobaki wakarudi Januari 2021. Uganda ilikaa muda mrefu zaidi, na shule zote zilifunguliwa Januari 10, 2022, karibu miaka miwili baada ya kufungwa.

Na mtoto wa kanda yetu, shule ikifungwa, hakai sebuleni. Anakwenda machungani, anakwenda kisimani, anauza karanga mnadani penye watu mia tano. Kwa hiyo mikusanyiko haijapungua sana. Kilichopungua ni masomo, uji wa saa nne, na jicho la mwalimu linalomwona binti aliyeanza kunyemelewa na wanaume.

Kabla ya kusema shule ifungwe au ifunguliwe, uliza kwanza ni ugonjwa gani. UVIKO-19 ilipita kwa hewa. Watoto wengi waliougua waliugua kwa wepesi, na waliokuwa hatarini ni wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu. Mafua makali ya influenza ni tofauti: watoto huambukizwa haraka na kuwaambukiza wengine sana, hivyo kufunga shule mapema kwa majuma machache kunaweza kupunguza kasi. Kipindupindu kinapita kwenye maji na chakula. Kisima cha kijiji kikiwa kichafu, kufunga shule hakukisafishi. Marburg hupita kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Hapo kazi kubwa ni kuwafuatilia kwa siku 21 wote waliogusana na mgonjwa, wakiwemo watoto, na hao wasiende shule hadi siku hizo ziishe.

Msimamo wetu tunausema wazi. Shule ifungwe kwa muda mfupi, pale tu ambapo kufunga kunasaidia, na muda huo utumike kujipanga. Kisha ifunguliwe mapema. Ila isifunguliwe mikono mitupu: geti lisifunguliwe kabla maji, hewa na utaratibu wa wagonjwa havijawa tayari. Ndiyo maana majibu yanayofuata ni ya vipimo zaidi kuliko ya maneno.

Shule yangu ina maji ya shida. Bomba linatoka mara mbili kwa wiki, siku nyingine watoto wanakuja na vidumu. Tuna wanafunzi 600. Tunahitaji maji kiasi gani ili tufungue, na tuyapateje? – Mwenyekiti wa kamati ya shule, Chamwino

Mwenyekiti, hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwa shule za Dodoma, tutakaa nalo kidogo.

Anza na hesabu. Kila mtoto anawe mara nne: akifika, akitoka chooni, kabla ya uji na kabla ya kwenda nyumbani. Kwa bomba la ndoo, kunawa vizuri kunakula takribani robo lita. Watoto 600 mara 4 mara robo lita ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20 kila siku. Ongeza nusu lita ya kunywa kwa kila mtoto, ambayo ni lita 300 nyingine. Ongeza maji ya chooni na ya jikoni. Chini ya lita 1,200 kwa siku utakuwa unajidanganya. Kwa kuwa bomba linatoka mara mbili kwa wiki, unahitaji akiba ya siku tatu hadi nne: kama lita 4,000 hadi 5,000 kwenye matangi. Tangi moja la lita 1,000 lililowekwa mbele ya ofisi kwa ajili ya picha halitoshi.

Njia ya kwanza ya kupunguza matumizi ni kibuyu chirizi, maana kikitobolewa vizuri kinaweza kupunguza matumizi ya kunawa kwa nusu. Chukua dumu la lita 5 lenye mkono. Pasha moto msumari mwembamba, toboa tundu moja upande wa mbele, juu kidogo ya nusu ya dumu. Chimbia nguzo mbili zenye panda, kila moja urefu wa mita 2, nusu mita iingie ardhini, ziachane sentimita 70. Pitisha fito kwenye mkono wa dumu na uilaze juu ya panda. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga chini. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, hagusi kitu kwa mkono. Chini yake chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, ujaze kokoto, ili pasiwe na dimbwi la kuzalisha mbu.

Vinavyoharibika tunavijua kwa sababu ni vilevile kila shule. Tundu likiwa pana, dumu linaisha baada ya watoto kumi. Mchwa hula nguzo. Paka oili chafu ya gari sehemu inayoingia ardhini. Kamba ya katani hukatika baada ya wiki chache, weka ya nailoni. Sabuni ya kipande huibwa na kunguru au huyeyuka juani. Badala yake tengeneza maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita 1.5, tikisa, toboa kifuniko kwa sindano nene, ning'iniza chupa kwa kamba. Matone machache yanatosha mikono miwili, na kunguru hana haja nayo.

Idadi ya vibuyu nayo ihesabiwe. Kusugua ni sekunde 20, na suuza inaifikisha nusu dakika kwa mtoto. Watoto 600 wakitakiwa kumaliza ndani ya dakika 20, unahitaji sehemu 15 za kunawia. Ukiwa na tano, foleni inakuwa saa nzima, mwalimu wa zamu anachoka, na kufikia wiki ya tatu hakuna anayenawa. Hivyo ndivyo kampeni nyingi za kunawa mikono zinavyokufa.

Chanzo cha maji: mvua ya Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha Desemba hadi Aprili. Lakini msiidharau. Milimita 10 za mvua juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 800 kwa mvua moja ya alasiri. Wekeni mifereji kabla ya Novemba, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike yaoshe kinyesi cha ndege. Maji ya lambo yaachwe yatulie usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo yatiwe dawa. Klorini ikitiwa kwenye maji ya matope inaliwa na matope yenyewe. Kwa kunywa, yachemshwe.

Jambo la mwisho. Watoto kuja na maji ni sawa, lakini gawanyeni kwa haki. Tumeona utaratibu ambao wasichana peke yao ndio wanaotumwa kisimani wakati wa kipindi cha kwanza. Hao wanarudishwa shule ili wasome au ili wachote maji?

Darasa langu la tano lina wanafunzi 90. Wizara ikisema "mita moja kati ya mtoto na mtoto", nifanyeje? – Mwalimu mkuu, Bahi

Mwalimu, chukua futi kamba. Darasa la kawaida lina mita 9 kwa 7. Acha mita 2 mbele kwa mwalimu. Panga safu tatu za madawati, kila safu madawati matano, na katika kila dawati kaa watoto wawili mwisho wa huku na mwisho wa kule, katikati pawe wazi. Unapata watoto 30. Kiwango cha serikali cha 45 kwa darasa la msingi ni cha siku za kawaida. Kwa mita moja ni 30.

Kwa hiyo 90 ni makundi matatu. Kundi A linaingia saa 1:30 hadi saa 5:30 asubuhi. Inafuata nusu saa ya kufuta madawati na kuacha milango wazi. Kundi B linaingia saa 6:00 hadi saa 10:00. Kundi C linasoma nje asubuhi, saa 2:00 hadi saa 5:00, chini ya mwarobaini au mbuyu, na ubao wa kubebeka. Kila Jumatatu makundi yanabadilishana nafasi. Hewa ya nje ni miongoni mwa kinga nzuri kabisa kwa magonjwa ya kupumua, na kanda yetu ina bahati: Mei hadi Novemba mvua ni adimu. Msidharau darasa la mtini.

Mahali utaratibu huu unapovunjika ni kwa walimu. Mwalimu mmoja hawezi kubeba zamu zote mbili kwa wiki mbili mfululizo bila kuugua au kukata tamaa. Punguza masomo: Kiswahili, Hisabati, Kiingereza na Sayansi kwanza, mengine baadaye. Na watoto wa vitongoji vya mbali wasipewe zamu ya jioni; hao wabaki asubuhi hata makundi yanapobadilishana, watembee kurudi jua likiwa juu.

Kama huwezi kurudisha wote kwa wakati mmoja, nani aanze? Kenya ilianza na darasa la nne, la nane na kidato cha nne. Denmark, Aprili 2020, ilianza na watoto wadogo. Wengi hapa hukimbilia madarasa ya mitihani, na hatuwalaumu. Lakini sisi tungeweka darasa la kwanza na la pili sambamba na la saba. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kujisomea; wa darasa la kwanza akikosa miezi minne anasahau hata "ba, be, bi".

Huku kwetu kuanzia Julai upepo na vumbi ni balaa. Tunaambiwa tufungue madirisha, watoto wanakohoa vumbi. Kipi bora? – Mwalimu, Kongwa

Fungua, ila kwa akili. Upande upepo unakotokea fungua kidogo au ufunge wakati unapokuwa mkali. Upande wa pili na mlango viwe wazi muda wote. Kisha tazama juu ya madirisha. Madarasa mengi yana matofali ya matundu, na mengi yamezibwa kwa maboksi au udongo kuzuia popo. Zibueni, pigeni wavu. Hewa ya moto iliyopumuliwa hupanda juu, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutokea.

Kupima ni rahisi: washa udi katikati ya darasa, angalia moshi. Ukivutwa kuelekea dirishani na kutoka, vizuri. Ukibaki unaelea juu ya vichwa vya watoto, pumzi ya mgonjwa nayo itaelea hivyohivyo.

Vumbi la ndani linatoka kwenye ufagio pia, si dirishani tu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na kazi hiyo ifanywe jioni watoto wakishaondoka, si asubuhi darasa likiwa limejaa. Nyimbo na kukariri kwa sauti kubwa vihamie nje, kwa kuwa mtu akipaza sauti anatoa matone mengi zaidi kuliko akiongea kawaida.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Kongwa, wilaya iliyofanyiwa utafiti wa ugonjwa wa macho wa trakoma kwa miaka mingi, tunaomba hili lisisahaulike: wakinawa mikono wanawe na uso, na pasiwepo taulo la pamoja. Taulo moja la darasa zima linabeba trakoma kutoka jicho hadi jicho. Mikono ikaushwe kwa hewa.

Nimfukize mwanangu kwa nyungu kila asubuhi kabla hajaenda shule? – Baba, Mpwapwa

Hapana, ndugu. Mvuke hauui virusi vilivyo ndani ya mwili, na sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi na mtoto ni ajali inayosubiri. Kuungua kwa maji ya moto ni kwa kweli, kinga yake si ya kweli. Chai ya tangawizi au limau anywe, inatuliza koo. Ila isihesabiwe kuwa kinga.

Tunatumia jiki kufuta madawati. Wengine wanasema iwe kali sana, wengine kidogo. Na watoto wapuliziwe getini? – Mhudumu wa usafi shuleni, Dodoma mjini

La pili kwanza: mtoto asipuliziwe klorini, mwilini wala kwenye nguo. Inaunguza macho na mapafu, na haimwondolei ugonjwa aliouvuta.

Kwa madawati, vitasa na meza unahitaji nguvu ya asilimia 0.1. Soma lebo ya chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, gawa 3.5 kwa 0.1, unapata 35, toa 1: sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 34 za maji. Kwenye ndoo ya lita 20 ni mililita 570 za jiki, maji yajazie. Kwa matapishi, kinyesi cha kuhara au damu nguvu ni asilimia 0.5: sehemu 1 kwa 6, yaani lita 2 na mililita 860 kwenye ndoo hiyohiyo. Mkiwa na klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, vijiko 2 vya chakula vilivyosawazishwa, kama gramu 30, vinatosha lita 20 za kufutia madawati. Vijiko 10 ni kwa matapishi.

Sasa makosa. Kumwaga dawa juu ya uchafu: osha kwanza kwa maji na sabuni, suuza, ndipo dawa, iache dakika 10. Kuchanganya dawa Jumatatu na kuitumia hadi Ijumaa: jua na joto vinaiua, changanya kila siku, hifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko kivulini. Kuichanganya na dawa ya choo yenye asidi ndilo kosa baya kuliko yote, maana inatoa gesi ya sumu na vyoo vyetu ni vidogo. Vaa glavu za mpira, na anayechanganya awe mtu mzima siku zote. Mwanafunzi wa zamu asiguse.

Mtoto akiwa na joto getini tumrudishe? Tumepewa kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. – Mwalimu wa afya, Chamwino

Kipimajoto hicho kinapima ngozi. Mtoto aliyetembea kilomita nne juani atasoma juu, na aliyefika saa 1 asubuhi ya Julai kwenye baridi atasoma chini ingawa ana homa. Mkalishe kivulini dakika 10 hadi 15, mfute jasho, pima tena. Ukipata nyuzi 37.5 au zaidi, thibitisha kwa kipimajoto cha kwapani kama kipo.

Akiwa na homa kweli, asikae darasani wala asifungiwe stoo. Mweke barazani au chini ya mti, mita 2 kutoka kwa wenzake, na mtu mzima mmoja aliyevaa barakoa. Mpigie mzazi. Zahanati impime malaria kwanza. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 20, na homa nyingi za watoto zina sababu nyingine kabisa. Wakitokea watoto watatu au zaidi wa darasa moja wenye dalili zinazofanana ndani ya siku chache, usingoje: mjulishe mganga wa zahanati na afisa elimu kata siku hiyohiyo, au piga 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya.

Wengi walioambukizwa UVIKO-19 hawakuwa na homa, kwa hiyo kipimajoto kisiwe sababu ya kufunga madirisha. Kinachosaidia zaidi ni mzazi kumbakiza nyumbani mtoto anayekohoa au kuhara. Na mzazi atambakiza tu kama anajua hatachapwa wala kudaiwa kwa utoro. Mwalimu mkuu aliseme hilo kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya wote.

Wanangu, nalea wajukuu watano na nina sukari. Wakirudi shule si wataniletea ugonjwa? – Bibi, Mpwapwa

Shikamoo bibi. Inawezekana, na ndiyo maana kinga iwekwe kwako zaidi kuliko kwao. Chanjo ikiwepo, uwe wa kwanza kwenda. Wakirudi wanawe kwanza, ndipo wakusalimie, na kwa muda huo wa ugonjwa salamu iwe ya mdomo. Ulale chumba chako au kitanda kilicho karibu na dirisha, mjukuu mdogo asilale nawe akiwa na mafua. Kaeni nje jioni, msirundikane jikoni kwenye moshi. Mmoja wao akiugua, ahudumiwe na mtu mwingine wa nyumbani, si wewe. Usiache dawa zako za sukari kwa kuogopa kwenda zahanati; sukari iliyopanda inaufanya ugonjwa wowote wa kupumua kuwa mkali.

Watoto wakirudi baada ya miezi, wengine hawasomi tena na wengine hawarudi kabisa. Tuanzie wapi? – Mwalimu wa darasa la tatu, Kondoa

Usianzie ulipoachia. Wiki ya kwanza pima kila mtoto peke yake, dakika tano: herufi kumi, maneno matano, sentensi mbili, aya fupi. Andika anapokwama. Fanya hivyo kwa kuhesabu: kutambua namba, kujumlisha, kutoa kwa kukopa. Kisha saa moja ya kila siku vunja madarasa, panga watoto kwa kiwango. Wa darasa la tatu na wa la nne wanaokwama kwenye maneno wakae pamoja na mwalimu mmoja. Baada ya wiki sita pima upya. Wanaoharibu mpango huu ni wale wanaoharakisha mada ili kumaliza muhtasari. Muhtasari unamalizika, mtoto anabaki palepale.

Wasiorudi: siku ya tatu toa majina kwenye daftari la mahudhurio, yagawe kwa vitongoji, kila mwenyekiti wa kitongoji apewe orodha yake na tarehe ya kurudisha majibu. Usiandike "mtoro" tu. Andika yuko wapi: amepelekwa machungani, yuko mjini anafanya kazi za ndani, ameolewa, ana mimba. Kila moja ina mlango wake. Mchungaji wa ng'ombe unazungumza na baba yake kuhusu zamu. Aliyeozwa, taarifa iende kwa mtendaji na ofisi ya ustawi wa jamii.

Aliyejifungua, mwambie waziwazi kwamba tangu Novemba 24, 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule za kawaida. Wapo mabinti na wazazi wasiojua hili hadi leo, wakidhani mlango ulishafungwa. Sierra Leone, wakati shule zilipofunguliwa Aprili 2015 baada ya Ebola, ilizuia wenye mimba kuingia, na ikaliondoa zuio hilo Machi 2020. Kwa miaka hiyo mitano mabinti walilipia gharama ya ugonjwa ambao hawakuuleta. Kwa hiyo yeye mfuate nyumbani, usimngoje getini.

Shule yetu ni ya bweni. Vitanda vimebanana. Tufungue? – Matroni, Dodoma mjini

Bweni ndilo gumu kuliko darasa, maana watoto wanapumuliana kwa muda wa saa nane, usiku kucha. Sogeza vitanda vifikie mita 1 kutoka kimoja hadi kingine. Ikishindikana, walale mzungu wa nne: kichwa cha huyu kielekee miguu ya jirani yake, juu na chini pia kwa vitanda vya ghorofa. Madirisha ya pande mbili yaachwe wazi usiku, hata Juni na Julai; omba wazazi waongeze blanketi la pili kwenye orodha ya vifaa. Wanafunzi wasifike wote siku moja: kidato kimoja kila baada ya siku mbili, ili mzigo wa kuwasajili na kuwauliza dalili usimwelemee muuguzi. Tenga chumba kimoja chenye vitanda viwili, dirisha na choo chake kabla ya mwanafunzi wa kwanza kushuka kwenye basi. Kama chumba hicho hakipo na hakuna ofisi inayoweza kugeuzwa, kidato cha kwanza hadi cha tatu wasubiri, warudi kwanza wanaotosha nafasi iliyopo.